Anachowaza Mpiga Solo: Hifadhi na Jibu katika Muziki na Ushairi wa Pwani

Neno solo asili yake ni Kiitaliano, na maana yake ni "peke yake". Wanamuziki wetu wa dansi walilipokea pamoja na magitaa ya umeme, likazoeleka hata leo hakuna anayeliona kuwa geni: tunasema gitaa la solo, mpiga solo, kupiga solo. Kwa kufuata asili ya neno hilo, mtu angedhani kwamba waimbaji wanaponyamaza na gitaa moja likatangulia mbele ya mengine, mpigaji wake huwa peke yake kweli, kama mtunzi aliyejifungia chumbani. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo ni la washairi sawasawa na la wanamuziki. Mtu yule hana karatasi mbele yake, naye anatoa mfuatano wa sauti ambao jana haukuwepo na kesho huenda usirudi. Wakati ule anawaza nini?

Majibu mawili husikika mara nyingi. La kwanza ni kwamba hawazi kitu: amepandwa na mori, vidole vinakwenda vyenyewe. La pili ni kinyume chake: kwamba kila nukta anabuni jambo jipya kutoka patupu, na kwa hiyo akili yake inafanya kazi kupita kiasi. Ninakusudia kuonyesha, kwa historia ya muziki wa mwambao wetu, hasa huu wa Tanga, kwamba majibu yote mawili yana upungufu. Mpiga solo anafanya mambo mawili ambayo Kiswahili kina majina yake tangu zamani: anahifadhi na anajibu. Kisha nitasema kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaopenda mashairi, maana nachelea kwamba mambo hayo mawili ndiyo tunayoyapoteza.

Taksimu na jamaa zake

Kabla ya gitaa la umeme kufika pwani, palikuwa na taksimu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri kijana aliyeitwa Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa Unguja chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai hadi leo. Kwa njia hizo muziki wa udi, kanuni, fidla na nai ulijenga makao visiwani, na pamoja nao ikaja desturi ya mpigaji mmoja kutangulia kabla ya wimbo, au kusimama katikati yake, akapiga pasipo ngoma na pasipo waimbaji, akitunga papo kwa papo. Huko ndiko kupiga taksimu.

Neno hili lina ukoo mkubwa katika lugha yetu. Limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugawa, na mzizi huohuo ndio uliotupa kukasimu madaraka, kasma za bajeti, na kismati, yaani fungu alilogawiwa mja. Kwa hiyo aliyeliita tendo hili taksimu hakuliona kuwa ni kuumba. Aliliona kuwa ni kugawa kitu ambacho tayari kipo. Kitu hicho ni nini? Ni maqamu: Rasti, Bayati, Hijazi, Nahawandi na wenzake, ambayo kila moja lina sauti zake, mwendo wake wa kupanda na kushuka, na hisia zake. Hata neno maqamu si geni. Asili yake ni mahali pa kusimama, na ndilo lililotupa makamu wa rais. Kaimu naye ni wa mzizi huohuo.

Mpigaji wa taksimu basi huanza mahali pake pa kusimama, kwa kawaida katika sauti za chini. Hupaonyesha mahali hapo kwa sentensi fupi, hunyamaza kidogo, huongeza sauti moja au mbili, hunyamaza tena. Polepole hupanda, pengine huhamia maqamu ya jirani kwa muda, kisha hushuka na kurejea alikoanzia. Kila sehemu huifunga kwa mshuko unaoitwa kafla, neno la mzizi mmoja na kufuli. (Lisichanganywe na ghafla, ambalo ni la mzizi mwingine, na kwa kweli ni kinyume chake: kafla hutarajiwa.) Mwenye kusikiliza hujua kwamba mlango unafungwa, na raha yake ni kungoja utafungwa vipi.

Tazama jinsi fikra za mpigaji zilivyo. Hajiulizi sauti gani ifuate katika sauti zote za ulimwengu. Anajua yuko wapi, anajua anakwenda kufungia wapi, na kati ya sehemu hizo mbili anagawa njia. Mtunzi wa shairi la mizani nane kwa nane atalitambua jambo hilo mara moja.

Mkonge, reli na magitaa

Sasa tuvuke bahari tuje bara, hapa Tanga. Nikiwa Usagara, siko mbali na reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka bandarini mwaka 1893. Mwaka huohuo Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge, na inasemekana ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na michache hiyo yalikua mashamba yaliyovuta watu kutoka pande zote: Wanyamwezi, Wamanyema, Wamakonde na wengine wengi, wakakutana na Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wazigua waliokuwapo. Mtu aliyetoka mbali hakuja na jembe tu. Alikuja na ngoma za kwao masikioni.

Mji wa namna hiyo ulihitaji muziki wa kuwachezesha watu wasiokuwa na ngoma moja, na muziki huo ukawa dansi. Majina ya bendi yenyewe yana historia ndani yake. Jamhuri Jazz, mojawapo ya bendi kubwa za Tanga, hapo awali iliitwa Young Nyamwezi. Jina la kwanza latukumbusha vibarua wa mkonge, la pili latueleza kwamba nchi imekuwa huru. Mwenzake na mshindani wake alikuwa Atomic Jazz, yenye mtindo wa Kiweke, ambamo gitaa la solo lilikuwa mikononi mwa John Kijiko. Wana wa Tanga wawili, ndugu Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz tangu mwaka 1966, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakavuka kuingia Kenya, ambako bendi yao ya Simba Wanyika ilipeleka ladha ya magitaa ya Tanga kote Afrika Mashariki.

Wapigaji hawa walijifunza wapi? Wengi wao hawakupitia darasa la nota. Tangu mwaka 1933 sahani za santuri za mfululizo wa GV zilikuwa zikileta barani Afrika nyimbo za Kuba, na bandari zilikuwa miongoni mwa milango yake. Baadaye rumba ya Kongo ikaja kwa sahani na kwa redio. Kijana aliyetaka kujua gitaa aliketi karibu na santuri, akasikiliza kipande kimoja, akakirudia mpaka kikakaa vidoleni, kisha akaenda kingine. Sauti zilizopigwa kwa tarumbeta au kwa piano huko Havana zilihamia katika nyuzi za gitaa. Baada ya miaka ya kazi hiyo, alikuwa na ghala zima la vipande: vya kuanzia, vya kupandia, vya kuchelewesha, vya kufungia. Akiba haiozi.

Kwa hiyo, tumsikilizapo mpiga solo wa miaka ile, tusidhani kwamba anaokota sauti hewani. Anachota. Mtafiti Paul Berliner, aliyezungumza na wanamuziki wengi wa jazi wa Marekani na kuchapisha kitabu chake mwaka 1994, alionyesha kwamba hao nao huzungumzia kazi yao kwa istilahi za lugha: wana msamiati, wana sentensi, wanasimulia hadithi. Kabla yake, Milman Parry na Albert Lord walikuwa wamewarekodi waimbaji wa tendi wa Yugoslavia katika miaka ya 1930, na kitabu cha Lord cha mwaka 1960 kikaeleza kwamba waimbaji wale hawakukumbuka utendi neno kwa neno. Walikuwa na mafungu ya maneno yaliyolingana na mizani yao, nao waliyapanga upya kila walipoimba. Mpiga gitaa wa Tanga na mwimba tendi wa Balkani hawakupata kujuana, ila walifanya kazi moja.

Gitaa lisilokuwa peke yake

Hifadhi ni nusu ya jambo. Nusu ya pili husikika pale unapoacha kulifuata gitaa la solo na kuyasikiliza mengine. Katika dansi yetu gitaa la ridimu hurudia kipande kifupi bila kuchoka, nalo ndilo sakafu ya nyumba. Besi hujaza mapengo ya ridimu. Bendi nyingi za Tanzania huongeza gitaa la kati, liitwalo solo la pili, ambalo husokota kati ya ridimu na solo. Ndipo solo lenyewe huingia, na haliingii mahali popote. Huingia pale mwimbaji alipovuta pumzi. Mara nyingi kipande chake cha kwanza ni mwangwi wa mstari ulioimbwa punde, kana kwamba gitaa linamwambia mwimbaji: nimekusikia. Kisha huongeza neno lake.

Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mnamo Januari 1979, alikuwa mwimbaji na pia mpiga solo. Katika nyimbo zake mtu huyohuyo husema kwa kinywa na kujijibu kwa vidole. Nijuavyo mimi, hakuna mfano ulio wazi zaidi wa kuonyesha kwamba solo ni upande wa pili wa mazungumzo.

Ndivyo ilivyo hata katika taarabu ya Tanga. Black Star, na baadaye Lucky Star, walipunguza ala za taarabu ya kisiwani wakaweka gitaa la umeme na gitaa la besi, na mwendo wao ukawa wa kuchezeka. Huko Black Star ndiko ilikovuma sauti ya Shakila Said. Ubeti unapokwisha, ala hujibu. Ubeti wa pili hupokea kutoka kwa ala. Msikilizaji aliyezoea mashairi hatashangaa, maana huo ni utaratibu wa kupokezana.

Hata vyombo vya kurekodia viliacha alama katika fikra za mpigaji. Sahani ndogo iliyouzwa Kenya ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza hadithi ya wimbo, upande wa pili magitaa na chemko, yaani ile sehemu ambayo mwendo hupanda na wachezaji husahau jasho. Mpiga solo alijua hesabu hiyo; hakuwa na nafasi ya kuzungukazunguka kabla ya kusema neno. Katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi ilirekodiwa ikipiga yote kwa pamoja, si kila mtu peke yake kwa zamu. Solo tunalolisikia katika kanda zile ni jibu halisi kwa watu halisi waliosimama chumba kimoja naye.

Dansini palikuwa na msikilizaji mwingine: mchezaji. Kama watu wanazidi kuingia uwanjani, kipande kinachowafurahisha hurudiwa. Kama wanarudi vitini, kipande hubadilishwa. Kurudia huko kwa Kiarabu ni kukariri. Nitalirejea neno hili.

Walichokiona wapimaji wa ubongo

Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wapiga piano 6 wa jazi. Waliwalaza katika mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa kinanda kidogo, na kuwataka mara wapige kitu walichokihifadhi, mara watunge papo hapo. Wakati wa kutunga, sehemu za pembeni mwa ubongo wa mbele, ambazo huhusishwa na kujisimamia na kujikosoa, zilipunguza kazi. Sehemu ya katikati, ambayo huhusishwa na mtu kujieleza, ilizidisha. Kwa lugha ya mtaani tungesema kwamba msahihishaji alitoka nje na msimulizi akabaki.

Walipenda wengi kuyasoma matokeo hayo kana kwamba yanathibitisha jibu la kwanza, lile la "hawazi kitu". Lakini wapigaji wale walikuwa mabingwa. Msahihishaji wao aliweza kutoka nje kwa sababu alikuwa amekwisha kufanya kazi yake kwa miaka mingi. Na mwaka 2014 Limb na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine, mara hii wa wapigaji 11 ambao kila mmoja alijibizana na mwanamuziki mwingine, huyu akipiga kipande na yule akijibu. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia sarufi ya lugha ziliamka, ilhali sehemu inayohusishwa na maana za maneno ilipunguza kazi. Majibizano ya ala yana mpangilio wa lugha pasipo kamusi. Wazee waliosema kwamba gitaa "linazungumza" hawakutia chumvi sana.

Somo kwa washairi

Washairi wa mwambao walikuwa na ujuzi huu. Katika ngoma za gungu za Lamu na Mombasa mmoja alifumba na mwingine akafumbua, mbele ya watu. Kisiwani Pemba, katika ngoma ya kibati, watu hujibizana kwa maneno ya papo kwa papo, upesi upesi, ngoma zikiwa hazimngoji mtu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, aliwajibu washairi wa Lamu kwa beti ambazo hazieleweki vyema bila kumjua aliyekuwa akijibiwa. Na Shaaban Robert, mwana wa Tanga aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, aliona inafaa kuandika wasifu wa mwimbaji, Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani. Hakuutenga ushairi na sauti.

Mtu anayejibu kwa ubeti papo hapo huwaza nini? Atakayejaribu ataona kwamba hawazi neno la kwanza. Huwaza kina cha mwisho, mahali atakapofungia, kisha hurudi nyuma akigawa njia ya kufika. Huo ubeti ufuatao niliutunga kwa ajili ya makala haya:

Mpiga solo si pweke, yu na wenzi kilingeni,
Ridimu i kando yake, besi ikajibu chini,
Asikiapo mwenzake, hujua ajibu nini,
Ndipo hutoka cha kwake, kilichokaa moyoni.

Neno lililonijia mwanzo lilikuwa "moyoni". "Mpiga solo" lilikuja mwisho. Na vina vya -ke na -ni sikuvitafuta. Ni vipande vilivyomo ghalani mwa kila aliyewahi kuhifadhi tarbia, kama vile vipande vya santuri vilivyokuwa vidoleni mwa kijana wa gitaa.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye neno kukariri. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nililiona neno hili likishushwa hadhi. Siku hizi "amekariri" ni tusi, maana yake kwamba hakuelewa. Ni kweli kwamba kuna kukariri kwa kasuku, na mwalimu ana haki ya kukupiga vita. Lakini katika kuung'oa ugonjwa huo tumeng'oa na dawa. Tunawafundisha wanafunzi kuhesabu mizani ya shairi lililo karatasini, kutaja bahari yake na kuandika dhamira zake, na mwanafunzi anamaliza masomo bila kuwa na beti kumi kichwani. Mtu huyo tukimwambia atunge, anatazama dari. Hana cha kuchota. Tunamwita hana kipaji, na kumbe hana akiba.

Upungufu wa pili ni wa kujibu. Mashairi mengi yatungwayo leo hutungwa katika upweke, na husomwa katika upweke. Mshairi hupokea sifa au kimya, hapokei jibu. Kama kijana wa gitaa angepiga miaka yote chumbani bila ridimu, bila besi na bila wachezaji, angekuwa na vidole vyepesi, ila asingejua lini anyamaze.

Kwa hiyo, washairi wenzangu, wenye ari ya kurithisha fani hii, ombi langu ni dogo. Kila mmoja wetu amshike kijana mmoja. Ampe beti ishirini za kuhifadhi, si za mtihani bali za akiba, kutoka kwa watunzi mbalimbali na bahari mbalimbali. Akishazihifadhi, amkalishe mbele ya mwenzake, amtolee ubeti, na amtake ajibu kwa vina vilevile kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Jibu la kwanza litakuwa bovu. La kumi litakuwa na mizani. Huenda la hamsini likatufanya sote tunyamaze kidogo, kama wanavyonyamaza waimbaji gitaa linapopokea.